Tufe la Mjomba Nikodemo Lililopasuka Kabatini

Naandika hili naona aibu, ila acha niseme tu.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, tukijiandaa kwenda kanisani, kabati la chumba cha wageni lilitoa mlio, paa! Hakuna aliyekuwa amelisogelea.

Mjomba Nikodemo akafungua, akafunua blanketi, akakaa kitandani. Tufe lake la bolingi, lile zito lenye matundu matatu ya vidole, lilikuwa na ufa mrefu.

Alipewa alipostaafu kwenye jumba la michezo Dar, na jina lake limechongwa juu. Masharti yake tuliyajua wote: lisikae kwenye sementi, lisiachwe ndani ya gari juani, lisitolewe kwenye joto likapigwa na baridi ghafla. Litapasuka.

Sasa sikilizeni. Jana yake nililichukua bila ruhusa.

Nilikuwa napeleka kabichi Mombo kwa pikapu, nikataka kumringishia shoga yangu Maryam. Tukapiga picha weee, kisha nikalifungia kwenye gari hadi saa tisa. Jua la Mombo mnalijua. Kurudi nikapakia kina mama mbele, tufe nikaliweka nyuma na matenga matupu. Kuanzia Soni, tukipanda milimani kwetu, ni ukungu na manyunyu mpaka nyumbani. Nikalifuta, nikalirudisha kabatini.

Kwa hiyo kabla blanketi halijafunuliwa, nilishajua.

Nikiwa natafuta pa kuanzia, Faraji akanitangulia. Huyu ni mtu wa makamo, anatusaidia shamba na ng'ombe.

"Nisamehe mzee. Asubuhi nimekuta dirisha la humu liko wazi. Kulifunga ni kazi yangu, nadhani nilisahau. Baridi imeingia usiku kucha."

Nami nikachukua kitabu changu cha nyimbo, nikatangulia kanisani.

Mjomba hakumfokea. Alimwambia tu asikanyage tena ndani. Mtu aliyekuwa anakunywa chai mezani na sisi, akawa anakunywa nje mlangoni, kikombe kakishika kwa mikono miwili, baridi inamchapa. Mimi ndiye nampelekea.

"Asante dada Evelina," ananiambia. Kila siku.

Wiki ya tatu nikashindwa. Nikapiga magoti mbele ya mjomba, nikaeleza yote, hadi zile picha nikamwonyesha. Nikangoja kufukuzwa.

Mjomba akainuka, akafunga mlango.

"Dirisha nililifungua mimi," akasema. "Niliingia kuvuta sigara, daktari kanikataza. Nikasahau kulifunga. Faraji aliposema ni yeye, nikamwacha."

Yaani wote wawili! Yeye mzee wa kanisa, mimi mwanakwaya, tumemtwika mtu mmoja makosa yetu.

Tukatoka pamoja kumwomba radhi. Faraji akasikiliza mpaka mwisho. Akasema afadhali tumemwambia, maana alishaanza kuogopa kwamba akili zake zinapotea. Mjomba akamsihi aingie, chai iko mezani.

"Asante mzee. Nimeshazoea hapa."

Mpaka leo anakunywia hapo hapo mlangoni.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu amebeba kosa lako, sema leo. Ukichelewa utasamehewa vizuri tu, lakini usitegemee arudi kukaa alipokuwa.