Pembe ya Msaragambo

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya misheni, juu milimani, upande wa Same. Siku moja ofisa kutoka mkoani alikuja kutuambia kwamba tutapokea watu wa pande mbili zilizokuwa zikipigana katika nchi moja ya kusini: wapiganaji wa msituni na wajumbe wa serikali yao. Pamoja nao wangekuja wazee kutoka nchi za mbali, wapatanishi. Nilikatazwa kumwambia mtu yeyote, hata wazazi wangu. Kijijini ilijulikana tu kwamba wachungaji wana mkutano.

Walifika jioni ya mvua. Gari lao moja lilikwama kwenye utelezi chini ya kona ya mwisho, wakapanda kwa miguu, viatu vimejaa tope. Wapiganaji walichukua vyumba vya kulia, watu wa serikali vya kushoto, na kila upande ulikuwa na walinzi wenye bunduki. Mezani hakuna aliyemtazama mwenzake. Mpatanishi mmoja mzee alinipokea bakuli la wali.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika migomba, pembe ililia.

Kwa mtu wa Upareni hakuna la kuuliza. Ni msaragambo: kila nyumba hutoka na jembe au panga kwenda kufanya kazi ya wote. Mwenyekiti wa kijiji aliona aibu kwamba wageni wamekwama kwetu, akataka barabara itengenezwe. Lakini wageni hawakuambiwa habari za pembe, na wanakijiji hawakuambiwa habari za bunduki.

Viti vilianguka. Kamanda wa wapiganaji alifoka kwa lugha yao, wa serikali wakamjibu, na sikuhitaji mkalimani kujua kwamba kila upande uliona mwenzake ameleta wauaji. Mlinzi mmoja alilala chini ya dirisha akapenyeza mtutu wa bunduki kwenye pazia. Nikachungulia juu yake. Watu walikuwa wakipanda kutoka kwenye ukungu, mapanga mikononi, na mbele yao mtu mwenye koti refu alikuwa ameshika pembe.

Kamanda alijua Kiswahili, alikuwa amekaa kambini huku kwetu.

"Nani hao?"

"Majirani. Wanakuja kutengeneza barabara yenu."

"Na huyo wa mbele?"

"Ni baba yangu."

"Mlete peke yake. Wengine wakipita ile kona, dada, sitaweza kuwazuia vijana wangu."

Nilitoka. Nilisali neno moja tu, Bwana azuie kidole cha yule kijana dirishani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeacha uji motoni?"

"Mpishi wa wachungaji siku hizi hashiki jembe," jirani mmoja akanitania, wengine wakacheka.

Niliwaomba wasubiri pale konani, baba aingie kwanza kuwasalimu wageni. Sikuthubutu kumwambia ukweli. Angegeuka ghafla au angepaza sauti, nao wangefyatua.

"Nipe pembe nikushikie," nilimwambia.

"Pembe haibadilishi mkono kabla kazi haijaisha. Umeshasahau?"

Basi tukaenda, yeye na pembe yake, nami nikitembea upande wa dirisha, bega langu kwenye bega lake. Sijawahi kuona njia fupi iwe ndefu namna ile.

"Hodi wenye nyumba."

Kamanda akafungua mlango nusu, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

"Mmeamkaje?" baba akauliza. "Hamkusikia pembe?"

"Tumeisikia."

"Mbona mmekaa, basi? Kwetu pembe ikilia, mgeni naye hutoka. Na barabara yenyewe ni yenu."

Kamanda aligeuza kichwa akayatafsiri maneno yale. Ndani mtu alicheka, kicheko cha mtu aliyekaribia kulia. Alikuwa mjumbe wa serikali, naye ndiye aliyetoka kwanza, akikunja suruali. Kamanda, mrefu kuliko wote, hakukubali kubaki nyuma. Alimkabidhi mlinzi bastola nyuma ya mlango, akaomba jembe. Wakachimba mtaro, mmoja huku, mwingine kule. Walinzi walibaki ndani na bunduki zao, nyuma ya mapazia, na hofu haikunitoka hadi magari yaliposhuka kwenda Same siku kadhaa baadaye.

Sikuambiwa walikubaliana nini. Mchana ule niliwasikia wakigombana mezani, lakini sasa walikuwa wakitazamana.

"Wachungaji wale mikono yao laini," baba alisema jioni. "Ila yule mrefu anajua kuchimba."

Nilimweleza yote alipokuwa mzee sana. Aliniuliza nilitembea upande gani siku ile. Nikamjibu, upande wa dirisha. Akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, kisha akanigombeza.