Punje ya Uwele Kando ya Mdudu

Loisi Matonya wa Makutupora hakukanyaga darasa hata siku moja, ila mizabibu ameipalilia miaka ishirini na sita, na hakuna kinachotambaa humo asichokijua. Binti yake Yasinta alipompa simu, alianza kuwapiga picha: mbawakawa, nzi, nondo. Kando ya kila mdudu aliweka punje moja ya uwele, maana kwenye kioo cha simu hata kisichofika ukucha hutuna kama panya.

Picha hizo Geofrey, bwana shamba wao, aliziomba akazitazame. Akazitazama miezi mitano. Siku ya mkutano wa wakulima zikatokea zimebandikwa ukutani, na chini yake jina moja.

"La Geofrey, mama," Yasinta alimnong'oneza.

Loisi alishazoea kunyang'anywa. Shamba la marehemu mumewe mashemeji walilichukua huku anatazama, naye akanyamaza. Leo alikaza khanga kiunoni.

Mgeni wao, Bi Frida, mtaalamu wa wadudu, alikuwa akiuliza, "Bwana Geofrey, mbona kila picha ina kitu kidogo hapa pembeni?"

"Ah, hiyo ni changarawe tu ya shambani."

"Changarawe ya kupangwa!" Loisi alisema, watu wakageuka. "Hiyo punje ya uwele ni yangu. Ndiyo rula yangu."

Wakacheka. Geofrey akasema, "Mama, hii kazi ya kitaalamu. Kaa."

"Haya, mtaalamu. Huyo mwenye mistari ya njano ni nani?"

"Nyigu. Tunapulizia dawa."

"Hesabu mabawa, baba. Nyigu ana manne, huyo ana mawili. Ni nzi kajivika shuka la nyigu, na mabuu yake ndiyo yanayowala wadudu mafuta wanaofyonza mizabibu. Ukimpulizia, umeua kibarua wako mwenyewe."

Bi Frida alisogea ukutani, akahesabu kwa kidole. Mawili. Akatoa kalamu, akakata jina lililokuwapo.

"Jina lako kamili, mama?"

"Loisi Matonya. Liandike kubwa."

Siku hizi Geofrey hufika mwenyewe uani kwa Loisi, simu mkononi.

"Shikamoo, mama. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Punje iko wapi?"

"Nimesahau kuweka."

"Basi rudi shambani," humjibu, akaendelea kupepeta uwele wake.