Maua Yaliyozidiwa na Maji

Baba mkwe wangu alihamia kwetu Kikula baada ya kumzika mkewe. Alikuja na valizi moja ya nguo, beseni na maua ya marehemu. Nayaita maua kwa sababu kwetu chochote kinachopandwa ndani ya kopo ni maua. Yale hayakuwahi kuchanua. Yalikuwa majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, juu ya shina nene kama kidole gumba. Mama mkwe aliyatunza miaka mingi barazani kwao mtaa wa Panda, ndani ya kopo la rangi alilolitoboa mwenyewe kwa msumari.

Kwetu hakuna baraza. Mzee aliyaweka sebuleni, nyuma ya mlango, na ili sakafu isilowe akalitia kopo ndani ya beseni la bluu ambalo mkewe alikuwa akioshea mboga. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliyamwagia kikombe kizima huku akinong'ona Kiluba. Mimi nilipita na ufagio wangu nikijifanya sisikii.

Ilikuwa miezi ya baridi. Jani la chini likageuka njano, la pili likafuata, kisha yote yakalegea. Mzee akaongeza kikombe cha jioni.

"Iko na kiu," alimwambia mume wangu. "Angalia vile inainamisha kichwa."

Siku moja nikifagia nililisogeza beseni, nikashangaa uzito wake. Maji yalicheza ndani. Kulikuwa na harufu ya mihogo iliyosahauliwa majini, na vijidudu vidogo vikaruka. Nikachovya kidole kwenye udongo: tope tupu. Napanda matembele nyuma ya nyumba, najua mmea unaweza kunyauka kwa maji kama unavyonyauka kwa jua.

Nikamwomba mume wangu amweleze baba yake.

"Umuambie weye," alisema. "Minye nitamuambia nini?"

Lakini kwetu mke wa mwana hamkosoi baba mkwe. Hata kuketi mbele yake nilikuwa siketi. Na ningemwambiaje kwamba kile anachomfanyia mkewe kila asubuhi ndicho kinachoua maua yake? Nilizunguka na maneno hayo mpaka jani jingine likaanguka.

"Papa," nilisema nikitazama sakafu, "maua iko mugonjwa."

"Njo maana naipatia maji."

"Maji imezidi, Papa. Muzizi haipate hewa."

Alinigeukia. Kikombe kilikuwa bado mkononi.

"Basi njo minye naiua?" aliuliza, akijigusa kifua.

"Hapana, Papa. Ni baridi, na beseni haina tundu, na huku nyuma ya mulango hakuna mwangaza."

Hayo yote yalikuwa kweli, ingawa niliyapanga ili yeye asionekane mwenye kosa. Nadhani alielewa. Akainama, akalibeba beseni mwenyewe mpaka uani.

"Tuitoe," alisema. "Tuone."

Tulitandika gunia. Mizizi ilikuwa myeusi, ikiteleza vidoleni kama bamia, na shina lilikuwa limeoza chini. Juu bado lilikuwa gumu. Nilipochukua wembe alinizuia.

"Ngoja. Utomvu yake inawashaka. Mama yako alikuwa anajipakaka mafuta mbele ya kuigusa."

Alikwenda jikoni, akarudi na chupa ya mawese. Nikakinga viganja, naye akanimiminia polepole, kama mtu anayemnawisha mgeni mikono. Tangu niolewe, hatukuwahi kukaribiana hivyo.

Nilikata juu ya uozo mpaka nikaona weupe. Kesho yake, kidonda kilipokauka, tukapanda kile kipande kwenye udongo mpya wenye mchanga na makaa yaliyopondwa, ndani ya kopo lenye matundu, karibu na dirisha. Kipande kingine cha shina kilichokuwa kizima tukakilaza kwenye kopo dogo.

Kazi ngumu ikawa kutomwagilia. Nilimwomba Mzee atie kidole kwanza, na udongo ukiwa na unyevu auache. Asubuhi alitia kidole, akautazama, kisha akabaki amesimama bila la kufanya. Siku hizo ndipo alipoanza kuja mlangoni mwa jikoni na kunisimulia: jinsi mkewe alivyokataa kuolewa naye mpaka Mzee ajifunze kuimba sauti ya chini, jinsi mama huyo alivyocheka akiwa amefumba macho. Nilipika, nikasikiliza. Mara nyingine niliunguza vitunguu.

Jani jipya lilitokea limejikunja kama kikaratasi. Aliniita kwa sauti niliyodhani ni ya hatari.

Mvua zilipoanza, kopo dogo nalo lilikuwa na majani mawili. Mzee akavaa koti, akapanda pikipiki ya kukodi akiwa amelikumbatia kopo hilo, akalipeleka Panda kwa rafiki wa mkewe, mmoja wa akina mama walioimba naye kanisani.

Alirudi mchana na mfuko wa maparachichi.

"Bamama walinikalisha," alisema, akitafuta kiti. "Tuliimba kidogo. Sauti yangu imeharibika, lakini hawakunicheka."

Akakata parachichi, akanipa nusu.