Picha za Pazia

Mie ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Wattaya, nyuma ya maduka ya magari mapya. Kamera sizijui. Aliyezijua ni dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki. Miaka na miaka alipiga picha kwenye harusi za wanawake, kwenye kumbi ambazo sie wanaume hatuingii na simu zote zinaachwa mlangoni.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, miguu ikakataa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Na kamera, aliyezibuni Mungu amsamehe, zote kitufe chake kiko kulia.

Harusi ya binti yake wa pekee ilipokaribia, akakataa katakata kuletewa mpiga picha mwengine. Akajigonga kifua kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mwanangu. Mie." Nikamwambia aniachie mie.

Nikafungua mkono wa kioo cha pembeni kwenye gari bovu, nikaukaza kwenye kiti chake cha magurudumu, kamera ikakaa juu yake usawa wa jicho. Nikanunua rimoti. Kitufe chake kilikuwa kidogo mno, nikakifunika kwa kitufe cha honi, nikamfungia kwa mkanda kwenye kiganja cha kushoto, akawa anabonyeza kwa kidole gumba. Tukafanya mazoezi nyumbani. Akanipiga picha mdomo umejaa wali, akacheka mpaka machozi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Nikavimba kichwa, nisiseme uongo.

Mjinga mie. Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa kwetu analijua: mama wa bibi harusi haachwi akakaa pembeni kwenye kiti cha mgonjwa. Alipoingia tu, nilivyohadithiwa baadaye, wanawake wakampokea kwa vigelegele, wakamnyanyua kwa heshima zote, wakamkalisha kwenye kochi la mbele, karibu na jukwaa la bibi harusi. Kiti na kamera yake wakavisukuma nyuma ya pazia, visiharibu pambo; rimoti tu ikabaki kiganjani mwake. Alipojaribu kusema, wakambusu kichwa, wakamlisha halua. Na mie huku nje nimekaa garini, bisibisi mfukoni, nangojea waya uchomoke niitwe, kana kwamba ningeruhusiwa kuvuka ule mlango.

Asubuhi ya pili, maarusi wameshaondoka kwenda fungate Salala, nikafungua picha kwenye kompyuta, dada ubavuni kwangu. Zilikuwa zaidi ya mia. Zote za pazia. Kitambaa cha rangi ya maziwa, mikunjo ile ile, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Harusi nzima, bibi harusi hana hata picha moja. Nililia mbele yake na sioni haya kulisema.

Nikamuuliza kwa nini alikuwa akibonyeza na hali alijua kamera haipo mbele yake.

"Akinitazama," akasema. "Akikaa vizuri. Apigwe."

Basi nikafahamu. Kila mara binti alipogeuka kumtafuta mama yake, akatengeneza shela na kutulia apigwe picha, mama alinyanyua mkono ili kitufe kionekane, akabonyeza, akatabasamu. Hakutaka mtoto ajue siku ile.

Nikataka kuzifuta. Akanizuia mkono. Akanionyesha niirudie ya mwanzo, akaiangalia sana, akasema, "Anaingia." Nikaleta ya pili. "Anaogopa." Tukaenda hivyo hivyo taratibu, na hapana hata moja aliyoisahau. Ya mwisho akaigusa kwa kidole gumba.

"Ananiaga," akasema.

Ilikuwa pazia tupu kama zile nyengine.