Kiti Kando ya Baba

Kila nikinusa vumbi la zulia linalopigwa, mikono yangu huanza kuwasha, kuanzia kwenye vifundo hadi viwikoni. Katika ua wa majengo yetu ya Hjulsta, mwisho kabisa wa njia ya treni ya chini ya ardhi, palikuwa na fremu ya chuma ambapo wapangaji walitundika mazulia yao na kuyachapa kwa fimbo Jumamosi asubuhi. Mwaka ambao Stockholm ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Ulaya ya mpira wa wavu ya wanaume, baba yangu aliigeuza fremu ile kuwa wavu. Aliiongezea kimo kwa mipini ya mifagio, akakaza kamba ya kuanikia nguo juu yake, akachora mistari ya chaki kwenye lami, kisha akasimama upande wa pili na mpira wa ngozi alioununua kwenye mitumba. Wakati mwingine hakusubiri hata majirani waondoke na mazulia yao. Vumbi la nyumba za watu lilikuwa bado linaelea hewani, nasi tulilimeza huku tukiambiwa tuchangamke. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na nilikuwa mfupi, jambo ambalo Baba alilihesabu kuwa ni kosa la ukoo wa Mama.

Baba alisomea ualimu wa michezo Tanzania. Alikuja Uswidi kwa kozi, akabaki, akatuita mimi, Mama na kaka yangu Daudi tumfuate. Wakubwa wa huku waliviangalia vyeti vyake, wakavisifia, wakamrudishia. Kazi aliyopata ikawa ya kuosha mabasi. Kanisani Watanzania wenzake walimwita Mwalimu, na ungeona jinsi mabega yake yalivyonyooka akiitika. Kule gereji waliita jina lake tu, kama Waswidi wanavyoitana wote, mkubwa kwa mdogo, lakini yeye hakulitazama hivyo. Alirudi nyumbani kila jioni kama mtu aliyevuliwa kitu mbele za watu, na sisi ndio tuliokuwa karibu. Sasa ninayaelewa haya yote, na kuyaelewa hakujanipunguzia chochote. Wakati ule nilichojua ni kwamba mwenzake mmoja wa gereji alikuwa amempa tiketi mbili za siku ya fainali, kwa kuwa yeye angekuwa safarini. Baba aliziweka juu ya meza ya jikoni, akatutazama mimi na Daudi, ambaye alinizidi miaka miwili.

“Moja ni yangu,” alisema. “Ya pili ni ya yule atakayeistahili.”

Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Baba angepiga mpira kwa nguvu zake zote kutoka upande wake wa kamba, nasi tungeupokea kwa mikono bila kukwepa na bila kufumba macho. Aliyefumba macho alipiga magoti kwenye lami, mikono juu, mpaka atakapoambiwa ainuke, kama ilivyokuwa katika shule alizofundisha yeye. Siku moja bibi mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya kwanza alifungua dirisha, akatuona tumepiga magoti hivyo, akauliza kama kila kitu ni salama. Baba alimpungia mkono akamjibu kwa Kiswidi safi kwamba ni mazoezi ya mabega. Yule bibi akatusifu, akasema laiti watoto wote wangekuwa na baba wa namna hiyo, akafunga dirisha lake. Baba alicheka mpaka akakohoa. Baadaye Mama alipomwambia kwamba ipo siku ataitwa na watu wa ustawi wa jamii, alimjibu bila hata kuinua macho kutoka kwenye sahani yake. “Nchi hii wamekataza kumpiga mtoto. Hawajakataza kumpiga mpira.”

Na alikuwa fundi wa kuupiga. Ulikuja ukiwa umenyooka, mzito, na ulipotua kwenye mikono ulitoa mlio ambao ulirudishwa na kuta za ua wote. Wiki za mwanzo ngozi yangu ilivimba, ikawa na vijidoa vyekundu, na shuleni nilivaa mikono mirefu ingawa bado kulikuwa na joto. Daudi aliumia kwa namna nyingine. Alikuwa na tabia ya kutazama miguu ya Baba badala ya mpira, na jioni moja mpira ulimkuta usoni. Damu ya pua ilimwagika juu ya mistari ya chaki. Baba alikuja, akamwinua kidevu, akachungulia, akasema pua haijavunjika, kisha akamwambia arudi mahali pake. Daudi hakurudi. Alitoka akilia, akapanda ngazi, na tangu siku ile Baba alimwita Yai, hata mbele ya wageni, hata siku ya kipaimara chake. Mtu angedhani kaka yangu angenihurumia mimi niliyebaki. Wapi. Alikuwa anakaa kwenye roshani na kutangaza kwa sauti kila mpira ulionishinda, akiigiza watangazaji wa televisheni, na Baba alikuwa anacheka naye. Nadhani zile ndizo dakika pekee za majira yale ambazo walielewana.

Magnus alijitokeza mwezi wa nane. Alikuwa Mswidi wa ngazi ya pili ya jengo letu, umri wangu lakini mrefu kunizidi kwa kichwa kizima, akiishi na mama yake ambaye alifanya kazi za jioni. Alianza kwa kusimama na baiskeli yake akitutazama. Baba alimkaribisha. Hakumkaribisha kama alivyotukaribisha sisi. Alimwendea, akamshika mikono, akaipanga taratibu, kidole juu ya kidole, akamwonyesha namna ya kukunja magoti. Mpira alimrushia kwa chini, kwa upole, kana kwamba anamrushia mtoto mchanga. Magnus aliponyanyua mpira mmoja ukavuka kamba, Baba alipiga makofi na kumwambia ana mikono ya mchezaji wa taifa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale nikiwa nimepokea mipira jioni nzima. Niliposema kwamba Magnus amefumba macho, jambo ambalo lilikuwa kweli, Baba alinijibu kwamba huyu ni mgeni, na mgeni hapigishwi magoti.

Sikumwonea Magnus wivu sana, kwa sababu nilidhani hahusiki. Tiketi ilikuwa yetu, nasi tulikuwa tumebaki mmoja. Nilifanya mazoezi peke yangu dhidi ya ukuta wa chumba cha kufulia mpaka wapangaji walipolalamika. Nilijifunza kuusoma mpira kutoka kwenye bega la Baba kabla mkono haujashuka. Mashindano yalipoanza tuliyafuatilia kwenye televisheni, na nilishangaa kugundua kwamba naelewa kila kitu, nani anamtayarishia nani, nani amechelewa kuruka. Uswidi ilianza kushinda, ikashinda tena, na darasa zima likawa halizungumzi kitu kingine. Nilikuwa mtoto pekee darasani ambaye huenda angeiona fainali kwa macho yake. Niliwaambia wenzangu hivyo, na kwa siku chache watoto ambao hawakuwa wakinisalimu walinigombania wakati wa chakula cha mchana.

Jioni ya mwisho kabla ya fainali Baba alinipiga mipira mpaka giza likaanza kuingia. Hakunihurumia, na mimi sikutaka anihurumie. Sikufumba macho hata mara moja. Hata Daudi aliacha kutangaza. Mwishowe Baba aliuchukua mpira kwapani, akavuka chini ya kamba, akanisimamia mbele huku anahema. “Umeshinda,” alisema. “Katika watoto wote niliowafundisha, huku na kule nyumbani, sijaona anayepokea kama wewe.” Sijawahi kupewa sifa kubwa kuliko ile, si kabla wala baada. Nilikuwa naanza kucheka kwa furaha alipoongeza kwamba kesho atakwenda na Magnus.

Nilimuuliza kwa nini, kwa Kiswidi, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikauka mdomoni. Yeye alinijibu kwa Kiswahili, taratibu, bila hasira, kama mtu anayemweleza mwanafunzi mzuri jambo ambalo hana budi kulijua. “Nikikaa pale na wewe, watu wataona Mwafrika na mtoto wake. Nikikaa na Magnus, wataona mwalimu na mwanafunzi wake.” Kisha akafungua mafundo ya kamba, akaikunja vizuri, akaenda kumrudishia Mama kamba yake ya nguo.

Siku ya pili yake niliwaona kwenye televisheni. Sikuwa natarajia. Kamera ilikuwa inazunguka juu ya watu katika ule ukumbi mkubwa wa duara kusini mwa jiji, rangi ya bluu na njano kila mahali, ikapita, ikarudi, ikatulia juu ya Baba. Bila shaka waliona ni picha nzuri, mtu mweusi mwenye skafu ya Uswidi. Hakujua kwamba anatazamwa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika shingo ya Magnus, mwingine ulikuwa unaonyesha uwanjani, na midomo yake ilikuwa inaeleza. Bwana mmoja aliyekaa nyuma yao alikuwa ameinama mbele ili asikie, akitikisa kichwa kukubali. Kwa hiyo alikuwa amekipata alichokwenda kukitafuta. Mama alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini, akasimama na pasi mkononi. “Hata siku ya harusi yetu hakuwa na uso ule,” alisema, akaendelea na kola.

Nilimchukia Baba siku ile kwa moyo wote. Niliomba Uswidi ishindwe, nikaomba kwa maneno ya kanisani kabisa, na Waitalia walipoibuka mabingwa niliruka juu ya kochi. Jumatatu darasa lilikuwa na msiba. Mwalimu aliuliza, kwa upole, nilivyojisikia kukaa mle ukumbini, na ikabidi niseme kwamba sikwenda. Waliokuwa wakinigombania walihamia meza nyingine, na mmoja wao alinipa jina la Mwongo, ambalo nilikaa nalo mpaka nilipohama shule.

Baba alirudi jioni ile ya fainali sauti ikiwa imemkauka. Aliketi kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, akacheka kidogo. “Magnus haelewi kitu,” alisema. “Muda wote anauliza aiskrimu inauzwa wapi. Wewe ungeelewa.” Alilisema hilo kirafiki, kama vile sisi wawili tulikuwa upande mmoja. Niligeukia ukutani. Majira ya baridi Magnus alianza kucheza mpira wa magongo wa barafuni, hakuonekana tena uani, na Baba hakufunga kamba tena.

Leo binti yangu mwenyewe anacheza mpira wa wavu, Sundbyberg tunakoishi. Kocha wake anawauliza wasichana kama wamechoka, na wakisema wamechoka, wanapumzika. Wazazi tunaletewa ratiba ya kuuza keki. Natazama mikono ya binti yangu, laini, bila doa, na mara mbili tatu nimepata hasira ambayo sina mahali pa kuipeleka. Mama alishafariki, Daudi hapigi simu. Baba anaishi peke yake Jakobsberg, magoti yamemwisha, akili iko timamu kabisa, na mimi ndiye ninayempelekea chakula kila Jumapili baada ya ibada. Mara nyingi ninawakuta watu wa kanisa wamekuja kumjulia hali Mwalimu, Watanzania, Warundi, siku nyingine Wakongo, na yeye anawasimulia kuhusu fainali.

Katika simulizi yake amenipeleka mimi. Nimekaa kulia kwake. Ninamweleza mambo ambayo hata yeye hakuyaona. Bwana mmoja aliyekaa nyuma anainama na kumuuliza kama huyu ni mwanafunzi wake, naye anamjibu kwa fahari, “Hapana, huyu ni binti yangu.” Akina mama wa kanisa wanapiga vigelegele. Binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula, husikiliza Kiswahili chote cha babu yake bila kukosa neno, kisha huniangalia kwa macho ya upendo ambayo sikuyafanyia kazi. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, sikuweza kukaa kimya. Wageni walipoondoka nilimwambia jikoni, “Baba, mimi sikuwepo. Ulikwenda na Magnus.”

Hakushtuka. Alikuwa anatafuta kijiko kwenye droo. “Najua,” alisema. “Lakini Magnus haji hapa Jumapili.”

Nilimpakulia chakula chake, nikamkatia nyama vipande vidogo kwa ajili ya meno yake. Nilitaka neno lile linitoshe. Nilikaa nalo wiki nzima nikilipima, nikaona kwamba ni zawadi, huenda zawadi pekee aliyoweza kunitengenezea, na kwamba siitaki. Jumapili iliyofuata sebule ilijaa, binti yangu akiwa ameketi sakafuni karibu na miguu yake, naye akaanza tena. Nilisubiri. Nilimwacha mpaka yule bwana wa nyuma akainama, akauliza swali lake, na Baba akajaza kifua ili ajibu. Ndipo nilipomsahihisha, mbele ya wote.