Tulimzika Mama Kwenye Kiwanja cha Watu

Mama alikuwa na hofu moja, na aliisema mpaka akachosha: hakutaka kuzikwa nyuma ya zizi. Aliachika mimi nikiwa mdogo, akarudi kwao Suguti, na kaka zake wakampa kibanda pembeni karibu na ng'ombe. Wajomba zangu si watu wabaya. Ila walishasema, tena mbele yake, kwamba siku yake ikifika watamweka hukohuko pembeni, maana katikati ya ule mji wanalala wanaume na wake zao. Alikuwaga ananipigia simu sokoni Musoma, ninakouza mitumba ya watoto, ananiuliza kama nimekula, halafu anasema, "Mwanangu, usije ukaniacha kule."

Kwa hiyo nilipopata nyumba ya kununua Butiama nilikuwa na haraka. Vyumba vitatu, bati limeshika kutu kidogo, lakini kiwanja kikubwa hasa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mstaafu, mjane, ambaye alishahamia Bunda kwa mwanawe. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza na mimi nikamwita baba. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, nikatoa sehemu ya fedha, nyingine ningemalizia baada ya mavuno, ndipo tubadilishe jina. Mzee akasema nihamie tu, nyumba isiyokaa watu inabomoka. Nikahamia, nikamleta mama.

Alikaa miezi minne. Alipanda mchicha, akazoeana na majirani wote, na akatembea kiwanja kizima akichagua mahali pake. Nilimkemea.

"Acha nichague," akasema, "wewe utaniweka popote tu."

Akachagua upande wa mashariki, nyuma ya jiko, penye jua la asubuhi.

Presha ilimchukua kwa siku moja. Wajomba wakaja kutoka Suguti kutaka mwili, na mimi nikawaambia, kwa sauti ambayo mpaka leo naionea aibu, "Mama anazikwa kwangu." Mwenyekiti akanivuta kando akaniuliza kama tumeshamalizana na mzee. Nikamjibu tumemalizana. Uongo mtupu. Lakini wajomba walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka pale, masikio yamewasimama, ningesema nini?

Mzee mwenyewe alikuja msibani. Alikaa benchi la mbele, mchungaji alipomaliza akashika koleo akafukia na wanaume wengine, na umri wake ule. Siku ile nilimpenda kama baba yangu.

Wiki ya pili akanipigia. Nilikuwa nafungua balo la mitumba. "Mwanangu," akasema, "ile nyumba nimeghairi. Siuzi tena. Chako nitakurudishia."

Nikakaa juu ya nguo. Mteja alikuwa ameshika gauni la ubatizo ananiuliza bei, nikamwambia chukua tu, akaniangalia kama mgonjwa. Wala sikuwaza nyumba. Nyumba ziko nyingi, ukikosa hii unapata ile. Niliwaza neno moja tu: watamfukua.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Bunda. Nilimkuta mzee sebuleni kwa mwanawe, godoro lake limekunjwa nyuma ya kochi, maana ndipo anapolala. Nikapiga magoti kumwamkia, nikabaki chini pale kwenye mkeka.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Siku ile nafukia mama yako, nikajiuliza, na mimi? Hapa ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani. Nikifa watanipeleka makaburi ya mjini nikalale na watu nisiowajua. Mama yako amekaa pale miezi minne amelala kwangu. Mimi niliyejenga sina pa kulala."

Nilitaka kumfokea. Mimi ni mtu wa kufoka, sokoni wananijua, hata mgambo wa ushuru wananipitia mbali. Lakini hasira haikuja, kwa sababu maneno yake yalikuwa yaleyale ya mama. Na mimi ndiye niliyemwonyesha. Ningemzika mama Suguti, yule mzee angeuza nyumba yake bila kuwaza.

Mwanawe akatoka chumbani akifunga mkanda, anawahi kazini. "Dada," akaniuliza, "na lile kaburi utaliondoa lini?" Aliuliza kama mtu anayekukumbusha gunia la mkaa uliloacha kibarazani kwake.

Nilienda ofisi ya kata kuulizia habari ya kuhamisha kaburi. Bwana afya akanieleza kwa upole kabisa: kuna kibali, kuna watu wa kusimamia, kuna sanduku jipya, na lazima ndugu wawepo. Sikusikia tena baada ya hilo neno ndugu. Niliwaona wajomba wamesimama pale wakiangalia mama anatolewa, halafu wanampandisha kwenye gari kwenda palepale alipopakimbia. Na nisingekuwa na mdomo wa kuwakatalia, kwangu kungekuwa wapi?

Wiki tatu zilizofuata sikuwa mtu. Namba ngeni ikiita, siipokei. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba, natoka nje na mwiko mkononi. Kila asubuhi kabla ya kwenda Musoma nilikuwa nazunguka nyuma ya jiko kuangalia kama udongo umeguswa. Siku moja nikakuta umeparurwa pembeni, nikapiga kelele mpaka jirani akaruka uzio. Walikuwa kuku. Jirani alicheka, na mimi nikacheka naye.

Mwisho mwenyekiti akatuita wote. Tulikaa kibarazani pa ile nyumba: mimi, mzee, mwanawe na mwenyekiti. Nilikiri kwamba nilidanganya siku ya msiba. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema karatasi yetu inazungumzia nyumba na kurudishiana fedha, haisemi habari ya maiti. Mwanawe akasema basi ni rahisi, kila mtu achukue chake.

Mzee akamkatisha. "Koleo nilishika mimi," akasema. "Siwezi kufukua mtu niliyemfukia kwa mkono wangu. Mama huyu anabaki."

Nililia mbele zao bila aibu. Kisha, kwa kuwa hofu haina adabu, nikaomba aniandikie. Hata mistari miwili tu, na muhuri. Mzee akamwangalia mwanawe, mwanawe akaangalia barabarani. "Neno langu halitoshi?" mzee akaniuliza. Nikasema linatosha, baba. Halikutosha.

Nilihama ndani ya mwezi. Fedha yangu alinirudishia, kwa hilo sina kinyongo naye. Yeye akarudi kwake Butiama, na mimi nikapanga chumba Musoma. Wajomba hawajui mpaka leo. Wakiuliza habari za nyumba nasema ipo, na kweli ipo.

Sasa nimekuwa mtu wa ajabu. Kila mwezi namnunulia mzee dawa za presha mwenyewe, nampelekea, na sibanduki mpaka nimwone amemeza. Nampelekea samaki sato wa kuchemsha maana nimemkataza wa kukaanga. Nimemkataza chumvi, nimemkataza kupanda juu ya bati. Kaburi amelifyekea vizuri, na mita chache kutoka pale ameshachomeka vigingi vinne vya kwake. Anawaambia majirani kwamba Mungu amempa binti uzeeni, na wao wananisifu. Sijawahi kumwambia ukweli: kwamba siku patakapochimbwa kati ya vile vigingi, mwanawe ndiye atakuwa mwenye kiwanja, na mimi nitakuwa na neno la marehemu mkononi. Nimemwombea uzima yule mzee kuliko nilivyowahi kumwombea mama.

Juzi tulikuwa tunaongea kwenye simu, ananicheka kwamba namsumbua kama mke. Katikati ya kucheka akakohoa mara mbili. Nikamuuliza, "Baba, hicho nini?" Akasema ni vumbi tu. Nilifunika meza yangu kwa turubai saa nne asubuhi, wateja wamesimama, nikaenda Butiama.