Mtaro Uliokata Njia ya Uani

Nyumba yangu iko bondeni, chini ya barabara iendayo sokoni Lushoto. Tangu mume wangu afariki naishi peke yangu, lakini uani hapakukosa watu. Wanawake wenye karoti na kabichi walikatiza hapo kwenda sokoni, na kila mmoja alinisalimia.

Masika iliyopita, maji ya barabarani yalitoka kwenye kalavati yakaja moja kwa moja kwangu. Ukuta wa jikoni ukaanza kumomonyoka. Majirani wakaja kwa msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wakafanya kama tulivyozoea mashambani: wakalaza magogo ya migomba kukinga maji, wakashindilia udongo na majani. Kiangazi chote nyanya zetu hunyweshwa hivyo. Mvua iliyofuata, maji yaliruka yale magogo, na moja nikalikuta jikoni.

Maji ya mfereji wa shamba hutembea; ukiyazuia, yanasimama na kugeuka. Yanayoshuka kwenye lami hukimbia, na ukiyakinga kwa mbele yanakupanda. Hayo uyapokee ubavuni, uyapindishe taratibu, kisha uyapunguze kasi kwa ngazi za mawe. Si kazi ngumu, ni ya kurudia tu. Mara ya pili tulichimba mtaro wa mshazari kutoka kalavati hadi kijitoni, tukaupangia mawe kwa ngazi. Ukuta ukapona.

Ila mtaro ulipita katikati ya ile njia ya mkato.

“Shikamoo bibi,” jirani yangu aliniita kutoka ng’ambo, tenga la karoti kichwani.

“Marahaba. Mbona siku hizi hupiti?”

“Niruke na tenga hili? Umejichimbia handaki kama Mjerumani.”

“Mlichimba nyinyi.”

“Tulichimba sana,” akasema, akacheka, akazunguka kwa barabarani.

Jiko likawa kavu, na siku zikawa ndefu. Nikamwomba fundi mbao mbili nene, akazilaza juu ya mtaro na kuzikaza kwa mawe. Wa kwanza kuvuka alikuwa mbuzi. Baadaye yule jirani alivuka, mara moja, akisema mbao zinateleza. Wengine wameshazoea barabara.

Mvua ikinyesha, maji yanayoshuka zile ngazi hupiga kelele hata hodi haisikiki. Kwa hiyo siku za mvua nahamishia kigoda mlangoni, nikae nikitazama mbao.